Nani Mlinzi wa Kompyuta ya Nyumbani? Historia ya Kutekwa kwa Siri kwa Kompyuta Binafsi na Kuhama kwa Wajibu wa Kuzilinda, 1998–2012

1.0 Utangulizi

Historia ya usalama wa kompyuta imezoeleka kuandikwa kwa kuwafuata wahalifu na waliowakamata. Makala haya yanafuata njia tofauti. Yanaichunguza kompyuta ya nyumbani ambayo mwenyewe huitumia kuandikia barua na kutunzia picha za familia, ilhali mtu mwingine aliye mbali anaiamuru bila yeye kujua. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni hili: kati ya mwaka 1998 na 2012, wajibu wa kuilinda kompyuta hiyo ulihesabiwa kuwa wa nani? Hoja kuu ni kwamba wajibu huo ulihama hatua kwa hatua kutoka kwa mmiliki kwenda kwa mtengenezaji wa programu, na hatimaye kwa dola. Kila hatua ilileta nafuu, lakini pia ilimpunguzia mmiliki mamlaka juu ya kitu kilicho chake.

2.0 Mmiliki Ajilinde Mwenyewe, 1998–2003

Mwezi Agosti 1998, katika mkutano wa wadukuzi wa DEF CON mjini Las Vegas, Marekani, kundi liitwalo Cult of the Dead Cow lilitoa hadharani programu iliyoitwa Back Orifice. Ikishapachikwa katika kompyuta yenye Windows 95 au Windows 98, programu hiyo ilimwezesha mtu aliye mbali kusoma mafaili, kunasa kila herufi iliyochapwa na kuendesha programu nyingine kana kwamba ameketi mbele ya mashine hiyo. Kampuni ya Microsoft ilijibu kwamba programu hiyo haikuwa tishio kwa mtumiaji anayefuata taratibu salama. Jibu hilo lina uzito wa kihistoria, kwa kuwa linaonesha mtazamo wa wakati ule: aliyeingiliwa alikuwa amezembea.

Mtazamo huo ulianza kuyumba Februari 2000, pale tovuti za Yahoo, eBay, Amazon na CNN zilipozidiwa na wingi wa maombi yaliyotumwa kutoka kompyuta zilizotekwa, zikiwemo za vyuo vikuu. Aliyeziongoza alikuwa kijana wa miaka 15 nchini Kanada. Tukio hilo lilidhihirisha kuwa kompyuta iliyotekwa haimdhuru mwenyewe peke yake, bali hugeuzwa kuwa silaha dhidi ya wengine. Kadiri nyumba nyingi zilivyoacha kuunganishwa na intaneti kwa saa chache kupitia simu na kupata muunganisho wa kasi usiokatika, ndivyo kompyuta za nyumbani nazo zilivyokuwa windo la kufaa.

Pigo kubwa zaidi kwa hoja ya uzembe lilitolewa na kirusi cha Blaster. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu husika tarehe 16 Julai 2003. Tarehe 11 Agosti, kabla mwezi haujatimia, Blaster ilikuwa imeanza kuenea. Haikumhitaji mtumiaji kufungua barua pepe wala kubofya chochote, kwani kompyuta isiyo na kiraka ilishambuliwa kwa kuwa tu imeunganishwa na mtandao. Aidha, Blaster iliziagiza kompyuta ilizoziambukiza kuishambulia anwani ya Microsoft iliyohusiana na masasisho. Hivyo mgonjwa alitumwa kuvunja mlango wa duka la dawa.

3.0 Mtengenezaji Achukua Mzigo, 2004–2009

Windows XP, iliyoanza kuuzwa Oktoba 2001, ilikuwa tayari na programu ya kinga inayokagua mawasiliano yanayotoka nje na kuyakataa yale ambayo hayakuombwa. Hata hivyo, kinga hiyo ilikuwa imezimwa, na aliyeihitaji alipaswa kuitafuta na kuiwasha. Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wa Microsoft waraka uliowataka watangulize usalama kuliko kuongeza vikorombwezo vipya. Tokeo lililoonekana wazi zaidi lilikuja Agosti 2004, wakati toleo la pili la maboresho ya Windows XP lilipoiwasha kinga hiyo bila kumsubiri mtumiaji, na kumhimiza akubali masasisho yanayojipakua yenyewe.

Kiufundi badiliko hilo linaweza kuonekana dogo. Kihistoria, lilikuwa ni kukiri kwamba watumiaji wengi hubaki na mpangilio waliokuta, na kwamba anayechagua mpangilio huo ndiye mlinzi wa kwanza.

Mipaka ya kinga hiyo ilidhihirishwa na Conficker. Kiraka kilitolewa tarehe 23 Oktoba 2008, na Conficker ikaonekana mwezi uliofuata. Matoleo yake yaliyofuata hayakutegemea mtandao pekee. Yalipenya kwa kubahatisha nywila dhaifu, na kupitia flashi ambazo Windows ilikuwa tayari kuendesha yaliyomo mara tu zilipochomekwa. Njia hii ya pili inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Julai 2009, na kabla ya hapo muunganisho wa eneo hili ulitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa. Katika mazingira hayo faili lilisafirishwa mfukoni, kutoka ofisini hadi duka la kuchapisha na kurudi nyumbani, na masasisho makubwa yalikuwa mzigo kuyapakua. Kikulacho ki nguoni mwako: flashi ya mwanafunzi ilifika mahali ambapo mdukuzi asingefika kwa waya. Ni mwezi Februari 2011 tu ndipo Microsoft iliposambaza kwa watumiaji wa Windows XP na Vista sasisho la kuzuia flashi kujiendesha.

Conficker pia ilionesha kwamba mtengenezaji peke yake hatoshi. Kila siku ilibuni anwani 250 za kutafutia maagizo kwa mwongozaji wake, na toleo la baadaye likapandisha idadi hiyo hadi 50,000 kuanzia tarehe 1 Aprili 2009. Ili kuzikamata anwani hizo mapema, makampuni, watafiti na wasajili wa anwani kutoka nchi nyingi walilazimika kushirikiana.

4.0 Dola Yaingia Nyumbani, 2010–2012

Oktoba 2010 polisi wa Uholanzi waliutwaa mtandao wa kompyuta tekwa ulioitwa Bredolab, kisha wakautumia mtandao huohuo kuwaonesha wamiliki ujumbe kwamba kompyuta zao zimeambukizwa. Aprili 2011 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Connecticut, Marekani, iliruhusu seva za Coreflood zibadilishwe kwa seva za serikali, ambazo ziliiamuru programu hiyo haribifu kusimama ndani ya kompyuta za raia. Novemba mwaka huohuo wahusika wa DNSChanger walikamatwa nchini Estonia. Kwa kuwa kuzima seva zao ghafla kungewakatia intaneti waathirika wengi, mahakama iliagiza ziwekwe seva safi za muda, ambazo zilifanya kazi hadi tarehe 9 Julai 2012.

Nia ya hatua hizo ilikuwa njema, na zilipitia mikononi mwa mahakama au polisi wenye mamlaka. Hata hivyo, kwa namna ya utendaji, polisi na mdukuzi walipita mlango uleule, na mwenye nyumba hakubishiwa hodi na yeyote kati yao. Kilichowatofautisha ni idhini ya kisheria, makusudio na uwazi.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba wajibu wa kuilinda kompyuta ya nyumbani ulihama kwa sababu kila mlinzi alizidiwa kwa zamu yake. Mmiliki hakuona, mtengenezaji hakufika kila mahali, na dola ilifika baada ya madhara kutokea. Kusasisha programu, kutumia nywila imara na kutoendesha kazi za kila siku kwa akaunti yenye mamlaka yote ni mambo yaliyobaki mikononi mwa mmiliki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 zinalifanya kosa tendo la kuingia katika kompyuta ya mtu pasipo idhini. Historia iliyoelezwa hapa inawadai watafiti wa sheria na wa historia swali la ziada: anayeingia kwa nia ya kuponya aombe idhini kwa nani, na mwenye kompyuta aambiwe lini?