Abdallah Kibadeni

Abdallah Kibadeni, maarufu kwa jina la King, ni mchezaji wa zamani wa soka wa Tanzania aliyegeuka kocha mkuu. Alitamba akiwa mshambuliaji wa Simba ya Dar es Salaam katika miaka ya 1970.

Jina lake haliachani na tarehe 19 Julai 1977. Siku hiyo Simba iliicharaza Yanga mabao 6-0, na matatu kati ya hayo aliyafunga yeye. Huo ndio ushindi mkubwa zaidi katika historia ya watani hao wa jadi.

Alipotundika daluga, hakwenda mbali na uwanja. Mwaka 1993, akiwa kocha, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Mechi ya kwanza ilikwisha bila bao ugenini, lakini katika marudiano Dar es Salaam wageni walishinda 2-0 na kuondoka na kombe.

Kazi hiyo ilimfikisha pia Kagera Sugar, aliyoinoa msimu wa 2012/13. Timu hiyo ya kiwanda cha sukari cha Missenyi hutumia Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. 

Baada ya msimu huo, Kibadeni alirejea Simba kama kocha mkuu.