Kusikiliza Moyo wa Mtoto Tumboni: Historia ya Haydom

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei. Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadzabe huitegemea, na mama wengi hufika wodi ya wazazi baada ya mwendo mrefu, uchungu ukiwa umekwisha kukolea. Mkunga anayewapokea hutakiwa kujua mapema kama mtoto yu hai na kama ana nguvu za kustahimili uchungu. Haydom swali hilo limejibiwa kwa sikio.

Sikio hilo lina historia. Mwaka 1818 daktari François Mayor wa Geneva aliripoti kuwa moyo wa mtoto husikika mtu akiweka sikio juu ya tumbo la mama. Mwaka 1821, mjini Paris, daktari Kergaradec alieleza jinsi alivyousikia kwa stethoskopu, chombo kilichobuniwa na Laennec miaka michache nyuma. Adolphe Pinard akakipa chombo cha wakunga umbo lake maarufu mwaka 1895: pembe fupi, pana upande mmoja.

Kwa pembe hiyo, ambayo wakunga wa Tanzania huiita fetoskopu, kazi huanzia mikononi. Mkunga hupapasa tumbo hadi aupate mgongo wa mtoto, huweka mdomo mpana hapo, huinamisha sikio, na kuhesabu kwa dakika nzima huku kidole kikiwa kwenye mkono wa mama, asije akayachukua mapigo ya mama kuwa ya mtoto. Mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni ya kawaida. Yakishuka baada ya uchungu na kuchelewa kurudi, huenda mtoto amechoka. Ni ustadi wa kuheshimiwa sana, lakini anachosikia mkunga hakisikiki na mwingine: mama hasikii, mwenzake wa zamu hasikii, na wodi ikijaa hesabu ya kila nusu saa hurukwa.

Uzito wa pengo hilo ulidhihirika baada ya mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua kuanza nchini mwaka 2009. Watafiti waliofuatilia uzazi Haydom walichapisha mwaka 2012 kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa hewa mtoto asiyepumua ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Lakini baadhi ya watoto hao walikuwa wamechoka kabla hawajatoka tumboni. Kumwokoa mtoto akishazaliwa pekee ni kumfikia kwa kuchelewa. Ilibidi asikilizwe mapema zaidi.

Ndipo, chini ya mradi wa Safer Births ulioanza mwaka 2013, kikajaribiwa Haydom kifaa cha kampuni ya Laerdal ya Stavanger kiitwacho Moyo. Kihisio chake hufungwa tumboni kwa mkanda, hupokea mwangwi wa mawimbi ya sauti, huonyesha idadi ya mapigo na kulia yakienda vibaya. Majaribio yaliyoongozwa na Paschal Mdoe, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalilinganisha kifaa hicho na fetoskopu. Usikilizaji usiokatika ulibaini kasoro nyingi zaidi, ila hali ya watoto waliozaliwa haikutofautiana. Matokeo hayo yana thamani kubwa kwa ukweli wake: kengele haimzalishi mama. Lazima pawepo mtu wa kumgeuza alale ubavu, wa kumwita daktari, na chumba cha upasuaji kilicho tayari.

Kwa hiyo hatua iliyofuata iliunganisha kifaa na mazoezi ya mara kwa mara kazini. Ilianzia Manyara mwaka 2021, ikafika hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.