Metadata ya picha

Metadata ya picha ni taarifa zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha bila kuonekana mtu anapoitazama. Kwa kawaida huwa ni tarehe ya kupigwa kwa picha, aina ya kamera, jina la mpigapicha au mahali ilipopigwa. Nafasi hiyohiyo inaweza kubeba maandishi yoyote, hata ukurasa mzima wa wavuti ulioandikwa kwa HTML.

Muundo wa faili

Faili la JPEG huanza kwa baiti mbili, FF D8, na kuisha kwa FF D9. Kabla ya data za picha yenyewe kuna sehemu mbalimbali, kila moja ikiwa na alama na urefu wake. Programu ikikutana na sehemu isiyoihitaji, husoma urefu huo na kuiruka. Kwa kuwa urefu huandikwa kwa baiti mbili tu, sehemu moja haizidi baiti 65,535, lakini ukurasa mfupi wa HTML hutosha humo.

PNG hujengwa kwa vipande, cha kwanza kikiwa IHDR na cha mwisho IEND. Maandishi huwekwa katika kipande cha tEXt au iTXt. Kiswahili cha herufi za Kilatini huandikika katika tEXt, ila cha herufi za Kiarabu huhitaji iTXt inayotumia UTF-8. GIF nayo ina sehemu ya maoni.

Mifumo mikuu

Mfumo wa IPTC ulitolewa mwaka 1991 kwa ajili ya mashirika ya habari, na baadaye programu ya Photoshop ikaanza kuuingiza katika picha. Exif ilitolewa nchini Japani mwaka 1995. Ndiyo inayojazwa na kamera na simu zenyewe, pamoja na vipimo vya GPS. XMP ya kampuni ya Adobe ilifuata mwaka 2001.

Faragha na ushahidi

Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha mtandaoni picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, aliyekuwa mafichoni huku polisi wa Belize wakitaka kumhoji kuhusu kuuawa kwa jirani yake. Picha ilikuwa bado na vipimo vya GPS, navyo vilionyesha kwamba alikuwa Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko kwa kuingia nchini kinyume cha sheria.

Hata hivyo metadata peke yake ni ushahidi dhaifu. Saa ya kamera huweza kuwa na makosa, na programu ya bure kama ExifTool hubadilisha karibu kila taarifa.

Ukurasa ndani ya picha

Matoleo ya zamani ya kivinjari cha Internet Explorer yalichungulia baiti za mwanzo za faili ili kukisia aina yake. Yakikuta alama za HTML, yaliweza kulifungua faili la picha kama ukurasa. Hivyo mtu aliyepakia picha kwenye tovuti ya wengine aliweza kuficha humo msimbo ambao ungeendeshwa kwa jina la tovuti hiyo na kuiba vidakuzi vya wageni wake. Toleo la 8 la mwaka 2009 lilileta agizo la seva liitwalo nosniff, linalokataza kivinjari kukisia. SVG ni suala tofauti: ni maandishi ya XML tangu mwanzo, na msimbo unaruhusiwa ndani yake.

Kuondoa metadata

Tovuti nyingi huichora upya picha inapopakiwa na kufuta sehemu za ziada, jambo linaloondoa msimbo mwingi uliofichwa pamoja na mahali alipo mpigapicha. Jina lake na maelezo ya hakimiliki hufutika pia, na anayeikuta picha hiyo baadaye hana pa kumtafutia mwenyewe. Picha iliyotumwa kama hati kwa kawaida hubaki na taarifa zake zote.