Kompyuta inachelewa kuwaka? Angalia kwanza programu zinazojiwasha zenyewe

Unawasha kompyuta, skrini inatokea, lakini ukibofya faili halifunguki. Dakika tano zinapita, kumi zinapita. Kwa mwalimu wa Pujini anayetaka kuchapisha mtihani kabla umeme haujakatika, au katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anayesubiriwa na wanachama, muda huo ni mwingi. Wengi huamua kuipeleka kwa fundi Chake Chake, au husema imezeeka, inunuliwe nyingine. Kabla hujatoa fedha, kuna jambo unaloweza kuliangalia mwenyewe bila gharama.

Kwa nini inachelewa?

Programu nyingi, mara zinapowekwa, hujipanga ziwake kila kompyuta inapowaka. Huzioni kwenye skrini, lakini zipo chinichini, zote zinagombania kumbukumbu na diski kwa wakati mmoja. Kompyuta zenye diski ya zamani, ile inayozunguka ndani, ndizo zinazoumia zaidi.

Hasara si muda tu. Kama intaneti unaipata kupitia simu yako, programu hizo zinaweza kupakua masasisho yake na kumaliza bando kabla hujafungua hata barua pepe moja.

Hatua za kufuata kwenye Windows 10 na 11

1. Washa kompyuta, subiri itulie.
2. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bofya More details.
3. Fungua sehemu ya Startup. Kwenye Windows 11 imeandikwa Startup apps.
4. Tazama safu ya Startup impact. Penye neno High, programu hiyo inachelewesha sana.
5. Bofya jina la programu usiyoihitaji, kisha bofya Disable. Hujaifuta: bado utaifungua ukiitaka.
6. Zima kompyuta, uiwashe upya.

Tunashauri uzime mbili au tatu kwa mara moja. Kitu kikigoma kufanya kazi, rudi palepale ubofye Enable.

Kwa wenye Windows 7, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika msconfig, kisha ufungue Startup.

Kipi kizimwe, kipi kiachwe?

Unaweza kuzima programu za muziki, za mazungumzo, na za kupakulia filamu. Acha kinga ya virusi, programu za sauti na za padi ya kugusa. Jina usilolijua usilizime kwa kubahatisha; ulizia kwanza.

Kuwa na kinga mbili za virusi hakukupi ulinzi maradufu. Zote zinakagua faili lilelile, na kazi inakuwa mzigo. Windows 10 na 11 huja na kinga yake tayari, kwa hiyo chagua moja tu.

Jihadhari pia na programu za mtandaoni zinazoahidi kuongeza kasi ya kompyuta. Nyingi hujiwasha zenyewe kama zile unazoziondoa, na baadhi hubeba virusi.

Ikiwa bado ni nzito

Rudi Task Manager, fungua Processes, utazame safu ya Disk. Ikikaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, kagua virusi, hasa kama flashi yako hupita kompyuta za watu wengi. Huenda pia diski inaanza kufa, kwa hiyo nakili mafaili yako mahali pengine mapema.

Hapo ndipo fundi anapohitajika. Mweleze ulichokwisha kufanya, na umuulize kama diski inaweza kubadilishwa kwa ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka. Mara nyingi badiliko hilo moja huipa kompyuta kuukuu miaka mingine ya kazi, kwa fedha chache kuliko kununua mpya.