Shule ya Jeanes ya Kabete na Swali Tunaloulizana Kila Mwaka



Mtu akitoka Loresho na kuishika barabara ya Lower Kabete, hafiki mbali kabla ya kulipita lango la chuo cha Serikali ambamo maofisa wa umma hufundishwa kazi zao. Wengi wapitao hapo hawajui ya kuwa kabla ya chuo hicho palikuwapo shule nyingine, Shule ya Jeanes. Shule ile ilizaliwa kwa swali moja, nalo ndilo hilo tuulizanalo sisi kila mwaka tufungapo hesabu: je, fedha za kuwasaidia maskini zigawiwe maskini wenyewe, au zitumiwe kuwatia nguvu viongozi ambao maskini huwafuata? Kwa kuwa swali hili litaletwa tena mbele ya Mkutano Mkuu, yafaa tujue lilikojibiwa zamani, na jibu lile lilifaa wapi na lilikosa wapi.

Asili ya jambo hili si Kenya, bali ni kusini ya Marekani. Mwaka 1907 Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, muumini wa Kanisa la Marafiki, alitoa dola 1,000,000 ziwe akiba ya kusaidia shule ndogo za watu weusi mashambani. Mwaka uliofuata mwalimu wa kwanza aliwekwa kwa fedha zile katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia. Huyo alikuwa Bibi Virginia Randolph, mtoto wa wazee waliopata kuwa watumwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule zaidi ya 20, kuwasaidia walimu wenzake na kuwakusanya wazazi, ili watengeneze nyumba ya shule, wajifunze kushona na kupika, na watunze usafi wa maji na viwanja. Hakuwa mgeni kwa watu aliowahudumia. Tangu mwaka 1892 alikuwa akifundisha katika shule ya chumba kimoja katika wilaya ile ile, akaijua taabu yao kwa sababu aliishi ndani yake. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Habari za walimu hao zilifika kwetu kwa njia ya Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, na ambayo Dakta James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, na mkuu wake wa kwanza akawa Bwana J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa Tume ile. Walioingia walikuwa walimu waliokwisha kufundisha, nao walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba za mfano wa kijiji. Mume alijifunza namna ya kuziongoza shule za vijijini, kilimo na kazi za mikono. Mke alijifunza malezi ya watoto wachanga, usafi na utunzaji wa nyumba. Kisha walirudi kwao, mwalimu azungukie shule za jirani, na nyumba yake iwe kama kitabu kilichofunuliwa ambacho kila jirani aweza kukisoma.

Katika hili shule ile ilikuwa na busara. Mtaalamu wa kigeni huja na kuondoka, na elimu yake huondoka naye. Lakini mwalimu aliyerudi kijijini kwake alibaki pale pale, akizikwa na wazee wale wale na kuozesha mabinti pamoja na majirani wale wale. Shilingi iliyotumika kumfundisha haikwisha siku ile ilipotumika.

Hata hivyo hapana budi kusema na upungufu wake. Mwalimu yule alichaguliwa na misheni, akalipwa na misheni na Serikali, na mambo ya kumfundisha yaliamuliwa na watu wengine. Wazazi wengi walitaka watoto wao wapate elimu ya vitabu na lugha ya Kiingereza, wapate kusimama sawa na watu wengine, lakini waliona wakipewa jembe na randa. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 baina ya misheni na Wakikuyu, watu wengi wa Kikuyu walijenga shule zao wenyewe. Mwaka 1939 Bwana Peter Mbiyu Koinange, aliyepata kusoma Marekani, alikifungua Chuo cha Walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya watu, rika kwa rika. Kule mwalimu alikuwa mtu wa watu, kwa sababu watu ndio waliomlipa. Serikali ilikifunga chuo hicho mwaka 1952.

Baada ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945, Shule ya Jeanes ilipewa kazi pana zaidi. Chini ya Bwana T. G. Askwith, aliyekuwa pia Kamishna wa Maendeleo ya Jamii, machifu, watu wa vyama vya ushirika, wafanyakazi wa ustawi na viongozi wa akina mama walipata mafunzo pale. Mafunzo ya akina mama ndiyo yaliyozaa Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Lakini Oktoba ya mwaka ule ule Hali ya Hatari ilitangazwa, na Serikali ikavitazama vikundi vya akina mama kuwa silaha ya kuwavuta wanawake watoke upande wa Mau Mau. Hapo msaada uligeuka kuwa mtego. Mwanamke aliyefundisha wenzake kushona aliweza kudhaniwa mtu wa Serikali. Bwana Askwith mwenyewe, aliyekabidhiwa pia kazi ya kuwarekebisha waliofungwa kambini, aliulalamikia ukatili uliotendeka humo, na mwaka 1957 kazi ile ikaondolewa mikononi mwake.

Lakini mbegu haikufa. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Maendeleo ya Wanawake, na baadaye akawa mbunge wa Karachuonyo. Mwaka 1961 Shule ya Jeanes ikageuzwa kuwa Chuo cha Utawala cha Kenya, na kwa sheria ya mwaka 2012 chuo hicho kikawa sehemu ya chuo cha Serikali tukionacho leo. Na ilipopatikana Uhuru mwaka 1963 na mwito wa Harambee ukatolewa, watu walijenga shule nyingi kwa mikono yao, chini ya viongozi waliowajua kwa majina.

Sasa turudi kwetu. Hatua chache kutoka Loresho iko Kangemi, ambako wako akina mama wenye vikundi vya kuweka na kukopeshana, na vijana watafutao kazi. Unga tugawao huisha kwa juma moja. Mweka hazina ajuaye kuandika daftari lake sawasawa hukilinda kikundi chake kwa miaka mingi. Kwa hiyo mimi naona yafaa tuwafundishe viongozi. Njaa ya leo haingoji mafunzo, na mgonjwa na mjane wasiachwe. Lakini sehemu kubwa ya fedha iende katika kazi idumuyo.

Ila tusirudie kosa la zamani. Kiongozi tutakayemsomesha asichaguliwe na Halmashauri yetu katika chumba kilichofungwa mlango. Achaguliwe na kikundi chake katika mkutano wa wazi, kikundi ndicho kiseme anahitaji kujifunza nini, naye asome hesabu mbele yao kwanza kabla ya kutuletea sisi. Mtu atakayetujibu sisi peke yetu atakuwa karani wetu tu, na watu wake watamwacha siku tutakapomwacha sisi.

Naomba wanachama wayafikiri haya kabla mikono haijainuliwa katika Mkutano Mkuu.