Dalali wa kaboni

Dalali wa kaboni ni mtu au kampuni inayomkutanisha mwenye krediti za kaboni, au vyeti vya nishati jadidifu, na mnunuzi, kisha ikalipwa kamisheni. Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa isitoke au iliyoondolewa angani. Cheti kimoja cha nishati ni ushahidi kwamba saa-megawati moja ya umeme imezalishwa kwa jua, maji au upepo. Anayeuza vyote viwili kwa umeme uleule anahesabu mara mbili, na hiyo ni kasoro kubwa katika biashara hii.

Udalali si mgeni Kigoma. Wakazi wa Gungu, kata ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, wanajua biashara ya dagaa ya mwalo wa Kibirizi: mnunuzi hutia mkono guniani, akapima ukavu, akanusa, ndipo akataja bei. Tani ya hewa ukaa haishikiki wala hainuswi. Kwa hiyo kila krediti hupewa namba yake katika daftari la mtandaoni la wasimamizi wa viwango kama Verra au Plan Vivo, na mnunuzi akishaitumia hufungwa daftarini ili isiuzwe tena. Dalali asiyeonyesha namba hizo hafai kusikilizwa.

Dalali halisi hamiliki krediti. Mchuuzi huinunua kwa bei yake na kuiuza kwa bei nyingine, na hapo ndipo wenye msitu hupunjika bila kujua, maana bei ya mwisho hutajwa mbali nao. Mwaka 2023 kampuni ya South Pole ya Uswisi, muuzaji wa krediti, ilijitoa katika mradi wa msitu wa Kariba nchini Zimbabwe, baada ya waandishi wa habari kuhoji hesabu za krediti na mgawanyo wa fedha. Bei ikitangazwa hadharani, mambo huwa rahisi kupimika: katika mnada uliofanyika Nairobi mwezi Juni 2023, kampuni za Saudi Arabia zilinunua krediti zaidi ya milioni 2.2 kwa riyali 23.50 kwa tani.

Upande wa Ziwa Tanganyika, habari hii ilianza mapema. Tanzania na Norwei zilitia saini makubaliano ya misitu na tabianchi mwaka 2008, na kutokana nayo Taasisi ya Jane Goodall ikaendesha mradi wa majaribio Masito-Ugalla, kusini mwa mji wa Kigoma. Vijiji viliunda jumuiya ya kutunza Msitu wa Masito, JUMIMU, na wanakijiji wakafundishwa kupima miti wenyewe. Kusini zaidi, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinane vya Milima ya Ntakata, makazi ya sokwe, vimeingia ubia na Carbon Tanzania, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2011. Kampuni hiyo huendesha mradi pamoja na vijiji na kutafuta wanunuzi, kwa hiyo kazi yake ni zaidi ya udalali. Mapato yamejenga madarasa na zahanati na kuwalipa askari wa msitu wa vijiji.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kampuni ya Nuru ina mtambo wa jua wa megawati 1.3. Microsoft ilinunua vyeti vya umeme wake, na fedha zikasaidia kuweka taa za barabarani mtaa wa Ndosho. Huo ni mfano bora kuliko mingi: mnunuzi anajulikana, mtambo unajulikana, na taa zinaonekana usiku.

Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kijiji kinachofuatwa na dalali kinafaa kumuuliza mradi umesajiliwa wapi, na kudai kuona mkataba wa mauzo ya mwisho, si ule uliotiwa saini kijijini peke yake.

Kwa Kigoma, swali linalokuja ni la umeme. Mradi wa maji wa Malagarasi, wilayani Uvinza, umepangiwa megawati 49.5; ukizalisha kwa nguvu zote kwa saa moja, hutoa saa-megawati 49.5, yaani vyeti karibu 50. Mmiliki wa vyeti hivyo anafaa kutajwa kwa maandishi kabla dalali wa kwanza hajabisha hodi.