Kurasa 10 Zilizotusogeza Karibu na Sokwe

Ukiniuliza ni andiko gani la kisayansi ambalo mpenzi wa fasihi asilipite hivi hivi, sitasitasita. Ni makala ya Mary-Claire King na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyotoka Aprili 1975 katika jarida la Science. Ni kurasa 10 tu. Lakini ndani yake mna swali la zamani kabisa: mtu na mnyama wanatofautiana kwa kitu gani hasa?

Jibu moja lilikuwa limeshaanguka miaka 15 kabla, huku kwetu Kigoma. Mwaka 1960 Jane Goodall alimwona sokwe mtu wa Gombe akichomeka majani kwenye kichuguu na kuvulia mchwa. Ile hadithi kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye zana ikaishia hapo. Wengine wakawa wanaitafuta tofauti ndani zaidi, kwenye jeni.

King alikuwa mwanafunzi, Wilson mwalimu wake. Kazi aliyopewa ni kulinganisha protini za binadamu na za sokwe mtu. Kwa kuwa protini hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, ukilinganisha protini unapata picha ya jeni pia. Akapima, akapima, tofauti hazionekani. Mwenyewe amesimulia kwamba alidhani anashindwa kazi. Wilson ndiye aliyeona kuwa kutoonekana huko ndiyo habari yenyewe. Kwa wastani, protini zetu na za sokwe zilifanana kwa zaidi ya asilimia 99.

Sasa hapo ndipo fumbo linapoanza. Kwa kipimo hicho, mtu na sokwe wako karibu kama spishi pacha za wadudu ambao mimi na wewe tusingeweza kuwatofautisha kwa macho. Mbona basi mmoja anatembea wima na kusimulia hadithi, na mwingine yuko mtini? Tena Wilson na wenzake walikuwa wameshawachunguza vyura. Protini za vyura zimebadilika kwa kasi ile ile ya mamalia, lakini umbo lao limebaki la chura tu kwa mamilioni ya miaka. Kumbe protini na umbo haviendi kwa mwendo mmoja!

King na Wilson wakapendekeza kwamba tofauti kubwa haiko katika jeni tulizo nazo, iko katika matumizi yake: ipi iwashwe, lini, sehemu gani ya mwili, kwa kiasi gani. Wape wapishi wawili mchele, nyama, vitunguu na bizari vile vile. Mmoja atakuletea pilau, mwingine wali na mchuzi.

Lilikuwa wazo tu, na ushahidi ulichukua miaka mingi kupatikana. Mfano ninaoupenda ni wa samaki mmoja mdogo wa bahari za kaskazini, mwenye miiba tumboni inayomkinga asiliwe. Barafu kuu ilipoyeyuka, takriban miaka 10,000 iliyopita, baadhi yao walibaki katika maziwa mapya, na katika baadhi ya maziwa hayo uzao wao ukapoteza miiba. Jeni inayohusika, Pitx1, haikuharibika. Kilichopotea ni kipande cha DNA kilicho kando yake, ambacho kazi yake ni kuiwasha jeni hiyo kwenye nyonga. Mwaka 2010 kundi la David Kingsley wa Stanford lilikiunganisha kipande hicho na jeni yake, likakipandikiza kwa samaki wa ziwani asiye na miiba. Miiba ikarudi.

Na ukitafakari utaona mantiki yake. Jeni hiyo hiyo inahitajika pia katika ujenzi wa taya. Ukiivunja yenyewe, umeharibu vingi; ukizima swichi moja, umeondoa miiba tu.

Si wote waliokubali kwamba swichi ndizo kila kitu. Mwaka 2007 Hopi Hoekstra na Jerry Coyne waliandika kwa ukali kwamba mabadiliko ya protini zenyewe nayo yana mifano mingi, asipuuzwe mtu anayeyatafuta. Nadhani wana haki. Hata King na Wilson hawakusema protini hazina kazi.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni cha mwaka 2011. Kundi la Henrik Kaessmann, Uswisi, lilipima matumizi ya jeni katika viungo 6 vya mamalia kadhaa, binadamu akiwemo, pamoja na kuku. Mtu yeyote mwenye majivuno ya kibinadamu angeweka dau lake kwenye ubongo: hapo ndipo mabadiliko yangekimbia. Wapi! Ubongo ulikuwa miongoni mwa vilivyobadilika polepole zaidi. Kilichokimbia kuliko vyote ni korodani.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maana sisi tunaosoma na kuandika tumezoea kuutaja ubongo kama hati yetu ya kumiliki dunia. Wakati huo huo tunawafyekea sokwe misitu, viumbe ambao tofauti yetu nao kwa kiasi kikubwa huenda ni suala la swichi gani iliwashwa na kwa muda gani.